Mzee Anatafuna Kahawa

Sehemu ya Saba

"Baba Jovin waitu, mwenzangu, nikufuate lini?"

Hapo ndipo nilipokuacha Jumamosi iliyopita, na najua ulinitukana hadi nikapaliwa na chai. Yule dada wa Omurushaka aliyeniandikia eti nimnong'oneze yeye peke yake mwisho wake, pole. Chukua kiti, usome na wenzako.

Ma Kokwijuka alikuwa amepiga magoti kwenye matandazo ya migomba, pembeni ya kaburi la mumewe, pale kibanjani, shamba la migomba la nyumbani kwao Ihembe. Ilikuwa saa kumi jioni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani ya migomba na kuku walikuwa wamekosa raha. Mbele ya magoti yake palikuwa na tundu, upana wake kama mdomo wa kikombe cha chai. Na hilo tundu lilikuwa linaguna.

Mmmmmmmmm.

Hatua chache chini ya mteremko, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya kahawa, mwanawe Jovin alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Kila neno la mama yake lilimfikia masikioni kana kwamba mama amemkalia mapajani.

Wewe uliyechelewa, nakuchotea haraka.

Jovin ana miaka ishirini na sita, kidato cha nne kamaliza, ulimi mwepesi. Ana mtambo. Kadi sita za grafiki, zile za kompyuta za wacheza gemu, kazipanga kwenye fremu ya mbao kama vitumbua kwenye sinia, nazo zinachimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Mchimbaji pekee wa Karagwe ambaye kucha zake ni safi.

Tatizo la kadi ni moto. Kadi ikifanya kazi inachemka kama chungu cha maharage, na isipopulizwa inakufa. Jovin akajiuliza, baridi ya bure iko wapi? Akajijibu: chini ya matandazo, ambako hata saa saba ya mchana udongo una ubaridi wa mtungi. Akachimbia bomba la plastiki kutoka stoo kupanda hadi kibanjani. Kule stoo akafunga feni kubwa, ikawa inavuta hewa ya chini ya ardhi na kuimwaga kwenye kadi.

Sasa, kibanjani kote udongo ulikuwa mgumu, mizizi ya migomba imekumbatiana. Ni mahali pamoja tu jembe liliingia bila ugomvi. Paliingilika kwa sababu palishachimbwa, wiki moja baada ya Pasaka, na wanaume sita wa ukoo.

Hapo ndipo bomba lilipotokezea. Hatua moja kutoka msalaba wa Mzee Byarugaba.

Feni ikaguna, kaburi likaguna. Na Ma Kokwijuka, ambaye tangu msiba alikuwa hajafungua mdomo kwa miezi minne, si kwa mtu, si kwa padri, akafungua mdomo.

Siku ya kwanza alimsalimia mumewe. Ya pili akamweleza habari za ng'ombe. Ya tatu akacheka. Jovin aliyasikia yote akiwa stoo, akasema moyoni, nikizima huu mtambo nitakuwa nimemzika baba mara mbili. Akanyamaza.

Jumatano vumbi likamwingia kooni. Akakohoa mara moja tu, karibu na feni.

Kule juu mama akapiga makofi. "Umekohoa! Lakini mbona moja, Baba Jovin? Mbili ziko wapi?"

Maana Mzee Byarugaba hakuwahi kupiga hodi kwenye nyumba yake. Alikohoa. Kikohozi cha kwanza akiwa bado kwenye migomba, watoto watawanyike. Cha pili mlangoni. Cha tatu akiwa ameshaingia, aliyekalia kiti chake asimame. Miaka arobaini, vikohozi vitatu, kila jioni.

Tangu Jumatano hiyo mama alianza kugawa vitu. Jembe kwa jirani. Kitenge kipya kwa binti yake Vero. Chungu cha kupikia kwa mkwewe, mke wa Jovin. Chakula cha jioni akawa anakigusa kwa kidole tu. Na leo ndiyo kauliza swali lenyewe: nikufuate lini?

Haya. Tumeelewana? Tuendelee.

*

"Hujibu," Ma Kokwijuka alisema ndani ya tundu. "Sawa. Hata ulipokuwa hai maneno ulikuwa unayapima kama chumvi. Basi tufanye hivi. Ukiendelea kuguna, nitajua bado, nasubiri. Ukinyamaza, nitajua ni leo. Nitarudi ndani, nitalala, sitaamka."

Jovin akazidi kuubana mdomo.

Ungesema ni maneno ya uzee. Lakini Ihembe nzima inamkumbuka Xaveria, shangazi yake huyo mama. Alijilaza siku ya Jumatano, mzima kabisa, ametoka kuvuna maharage. Akageukia ukutani. Ijumaa wakamzika.

Jovin akageuka kuangalia skrini.

Kadi ya kwanza, nyuzi themanini na nne. Ya pili, themanini na sita. Ya sita, tisini na moja, na namba imekuwa nyekundu.

Siku nyingine yoyote angekuwa ameshazima. Leo kuzima ni kuua.

Mlango ukasukumwa. Jovin nusura aruke juu ya mtambo.

"Humu ndani kunanuka nini?" Alikuwa Mackrine, mke wake, ana mwiko mkononi na unga kwenye paji la uso. "Unachoma ndala?"

"Shhh! Punguza sauti!"

"Nipunguze sauti kwangu?"

Jovin akaonyesha mdomo wa bomba. Mackrine akasogea, akainama. Na wakati ule ule sauti ya mkwewe ikashuka kutoka juu, taratibu, imepoa:

"...na zile nguo za kunivalisha ziko kwenye sanduku la chini. Mackrine anajua kufuli lake."

Mwiko ukaanguka.

"Anaongea na nani?" Mackrine alinong'ona.

"Na baba."

"Baba yupi?"

"Mimi nina wangapi?"

Ilibidi amwambie yote, kwa sentensi nne, huku akipepea kadi ya sita kwa jalada la daftari. Mackrine alisikiliza akiwa amefungua mdomo. Jovin alipomaliza, Mackrine hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa hiyo siku zote hizi unamsikiliza mama yako akijiandaa kufa, na wewe umekaa hapa unapepea."

"Nikimwambia ukweli atarudi kule kule. Miezi minne, Mackrine! Ulikuwepo. Alikuwa anakaa pale kwenye kigoda kama mtu aliyesahauliwa kituoni."

"Bora bubu anayekula kuliko msemaji anayejichagulia sanda."

"Na atanisamehe? Nimemfanyia mama yangu mchezo kwenye kaburi la baba yangu?"

"Ukitaka tuongelee baba yako," Mackrine alisema, "akiwa hai hukumwamkia. Leo unamfanyia kazi ya kuguna."

Hilo lilimwingia. Asubuhi ya mwisho ya Mzee Byarugaba, Jovin alikuwa anakimbilia basi la Bukoba kwenda kuchukua hizi hizi kadi. Alimpita baba yake kwenye kiti, begi begani, simu sikioni. Mzee akasema, "Siku hizi shikamoo mnatuma kwa meseji?" Jovin akacheka, akapunga mkono, akapotea. Aliporudi alikuta turubai la msiba limefungwa uani.

Jovin akachukua simu, akampigia Elick.

*

Elick ni fundi umeme wa Nyakatuntu, kule Kyerwa. Walisoma dawati moja. Ndiye aliyemfundisha kufunga mtambo, na ndiye pekee anayeweza kumtukana kitaalamu.

"Kadi ya sita imefika tisini na mbili," Jovin alisema.

"Waya ukoje?"

"Upi?"

"Wa ekstensheni, wewe. Pawa saplai ziko ngapi?"

"Mbili."

"Ekstensheni ngapi?"

"Moja."

Kule Nyakatuntu Elick akasonya.

"Jovin. Hiyo ekstensheni ni ya redio na taa. Umembebesha mtoto wa chekechea gunia la kahawa. Ishike uone."

"Siwezi kuishika. Ni ya moto, halafu imelegea kama ndizi iliyoiva."

"Zima."

"Siwezi kuzima."

"Kwa nini?"

"Mama atakufa."

"Rudia."

"Nikizima, mama atakufa. Usiniulize, Elick, nakuomba kwa jina la dawati letu."

Elick akavuta pumzi. Ni mtu aliyefunga umeme kwenye nyumba nyingi za vijijini. Amesikia mengi.

"Sikiliza basi. Wanaokula umeme ni kadi. Feni zinaramba tu. Nenda kwenye programu, simamisha uchimbaji, kadi moja moja. Feni ziache. Waya utapoa, kadi zitapoa, na hilo jambo lako la mama litaendelea kupuliza. Umenielewa?"

Jovin nusura aibusu simu. "Elick, wewe ni mtu!"

"Jingine. Hiyo ekstensheni iko wapi?"

"Chini."

"Sakafuni? Iinue, itundike kwenye msumari. Sakafu ya stoo inavuta unyevu. Ukimaliza tu, iinue."

"Nainua sasa hivi."

Msomaji, hakuiinua. Shika hilo neno, usiliachie.

*

Akasimamisha kadi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Namba zikaanza kushuka, themanini, sabini na tano, sabini. Mackrine akaacha kuuma kucha. Hata ule mnuko wa plastiki ukapungua.

Lakini kadi ikipoa, feni yake nayo haina haja ya kukimbia. Zikapunguza mwendo, moja baada ya nyingine, hadi zote sita zikawa zinazunguka kivivu, imebaki ile kubwa ya bomba peke yake. Mguno ukabadilika.

Mmmmmmmmm ikawa mmm.

Kule juu mama akanyanyua kichwa. "Mbona unalegea?"

Jovin na Mackrine wakatazamana.

"Baba Jovin? Unaondoka?" Sauti ilisogea, ikawa karibu kabisa na tundu. "Hapana. Hujanyamaza. Umepungua." Kisha akacheka kile kicheko chake kifupi cha puani. "Mimi mjinga. Una njaa! Nimekuja mara kumi na mbili mikono mitupu, sijakuwekea hata kahawa kiganjani."

"Mungu wangu," Mackrine alisema.

Wewe wa Bukoba na Muleba sina haja ya kukueleza. Wewe wa mbali, sikia: huku mgeni akiingia, kabla ya maji, kabla ya habari, anawekewa kiganjani kahawa za kutafuna. Buni zilizochemshwa na majani yake, zikakaushwa na maganda yake. Mzee Byarugaba alizitafuna tangu ujana hadi meno yakakaribia kuisha, na Ma Kokwijuka hatoki nyumbani bila kufunga chache kwenye pindo la kitenge.

Wakamsikia akifungua fundo.

"Hana kiganja," alijisemea. "Nitaziweka wapi?"

"Asiweke," Jovin alinong'ona. "Asiweke, asiweke, asiweke."

Akaweka.

Kro. Kro-kro. Kro-kro-kro-kro.

Bomba lilikuwa mteremko mtupu. Zile kahawa zilishuka zikigongana kama watoto waliotoroka misa, sauti ikikua, ikija, ikija. Jovin aliruka kuziba mdomo wa bomba kwa mkono. Alichelewa kwa pumzi moja.

TA! Ta-ta-ta-kra-kra-kra-kra!

Feni ikazipokea. Moja ilirushwa ukutani, nyingine ikampiga Mackrine shingoni akajikuta amekaa chini. Zilizobaki zikanasa kati ya panga la feni na fremu yake, zikasagwa, zikarudi, zikasagwa tena. Kra, kra, kra. Kra, kra, kra.

Na huo mlio wote ukapanda bombani hadi kaburini.

Ma Kokwijuka aliposema, sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Anatafuna."

Kra, kra, kra.

"Anatafuna! Polepole waitu, meno yenyewe ulibaki nayo mawili!"

Mackrine akajaza kanga mdomoni ili asicheke. Jovin alikuwa anacheka tayari, machozi yanamtoka, na hakujua machozi yale ni ya nini hasa. Kwa muda mfupi chumba kile kilikuwa na harufu ya kahawa iliyosagwa, ile ile aliyokuwa anatoka nayo baba yake mdomoni alipokuwa akiinama kumfunga Jovin kamba za viatu.

Kisha mama akasema jambo lililowakata kicheko wote wawili.

"Sasa koo limekauka. Nilijua. Ndiyo maana nimekuja nacho."

"Nacho nini?" Jovin aliuliza.

Mackrine alikuwa ameshasimama. Uso umebadilika rangi. "Kibuyu cha rubisi. Tangu mchana sijakiona jikoni."

"Kimbia!"

Mackrine akaokota mwiko, akatoka kama mshale, unga usoni. Jovin akausukuma mlango nyuma yake na, kwa mazoea ya kuogopa mbuzi wa jirani, akashusha komeo. Stoo ikawa giza. Dirisha alikuwa ameliziba kwa maboksi tangu mwezi uliopita, vumbi lisiingie.

Ndipo akakumbuka. Ekstensheni. Iko sakafuni.

*

Bombani alimsikia mke wake akifika, pumzi zimemkata.

"Mama! Shikamoo mama! Mama, ngoja kwanza..."

"Marahaba mwanangu. Shika hiki kifuniko."

"Mama, usimimine..."

"Mtu amekula kavu, nimwache hivyo?"

Glo. Glo-glo-glo-glo-glo.

Jovin alipiga magoti, akaunyoosha mkono kwenye waya. Rubisi, pombe ile ya ndizi, ilifika kabla yake. Ilitoka bombani na povu lake, na harufu yake ya ndizi mbivu na mtama, ikapigwa na feni, ikamrukia usoni, ikamwagika ukutani, ikashuka sakafuni ikiwa na haraka zake. Ikaifikia ekstensheni.

Cheche ya buluu. Mlio kama kofi.

Kule ukutani sakiti breka, ile swichi ya kukata umeme, ikaanguka: ta!

Feni kubwa ikazunguka mara mbili za kujikongoja. Mara moja. Nusu. Skrini ikafa. Taa ndogo za kijani kwenye kadi zikafa zote sita kwa pamoja, kama macho yanayofumba.

Kimya.

Hujawahi kusikia kimya kama kile. Wiki mbili chumba kilikuwa hakijanyamaza. Jovin alisikia tone la rubisi likidondoka kutoka kwenye panga la feni. Akalisikia jingine.

Kisha akamsikia mama yake.

"Aaah," alisema Ma Kokwijuka, polepole, kama mtu aliyetua mzigo. "Asante. Basi ni leo."

"Mama, leo nini?" Mackrine alikuwa analia. "Leo nini, mama?"

"Nishike mkono niinuke. Magoti yangu haya."

Jovin akaliendea bomba akiwa anatambaa. Akaing'oa feni kwa mikono, panga likamchana kidole, hakuhisi. Akaweka mdomo wake kwenye lile tundu lenye povu.

Na hapo, msomaji, wazo likamjia. Baya na tamu.

Shuleni Jovin alikuwa anaigiza sauti za walimu hadi walimu wenyewe wanaitika. Sauti ya baba yake aliijua kuliko ya mtu yeyote duniani. Kilichotakiwa ni neno moja tu, zito, la kutokea tumboni: *Bado.* Mama angerudi nyumbani, angekula, angelala na kuamka. Neno moja.

Na kesho saa kumi, jingine. Na keshokutwa. Angekuwa baba yake kila jioni hadi mama afe, na kila jioni angekuwa anamfukia yule mzee zaidi, safari hii kwa mdomo.

Akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

"Mama," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, inatetemeka. "Ni mimi. Jovin. Niko stoo. Ni bomba langu, mama. Ile sauti ni feni ya mashine yangu. Siku zote ilikuwa mimi. Nisamehe. Usilale, mama. Nakuomba usilale."

Ukungu ulikuwa unaingia kupitia bombani. Aliuhisi mdomoni, baridi.

Akatega sikio.

"Mama?"

Kisha kikaja kile kicheko kifupi cha puani.

"Jovin," alisema Ma Kokwijuka, "unadhani nilikuzaa mwenyewe halafu nikawa kipofu? Bomba lako nililiona siku uliyolichimbia. Uliacha udongo mwekundu juu ya matandazo, nikaufunika mimi kwa majani wasije wakakusema."

Jovin akajifuta povu la rubisi mdomoni.

"Na kikohozi cha Jumatano ni chako. Hicho kifua nimekisugua mafuta miaka saba, nisikijue?"

"Sasa, mama... kama ulijua ni mimi... siku zote ulikuwa unaongea na nani?"

"Simu ikiwa yako, ndiyo kusema anayepiga ni wewe?"

Tone la rubisi likadondoka.

"Mashine yako inaguna, sawa. Nimeisikia. Lakini chini ya mguno wake kuna mwingine anaguna, na huyo namjua, nimelala naye chumba kimoja miaka arobaini. Kelele zako ndizo zilikuwa zinanizibia. Leo zimenyamaza. Ndiyo maana nimesema asante. Sasa toka hapo bombani, mwanangu, unamkinga mwenzio njia."

"Mwenzangu nani?"

"Nyamaza usikie."

Jovin akanyamaza. Nyumba nzima haikuwa na umeme. Mackrine alikuwa kule juu, alimsikia akivuta kamasi. Ndani ya stoo kulikuwa na yeye na kadi sita zilizokufa.

Ndipo kikasikika.

Kikohozi. Kilikuwa nje, upande wa migomba, kikavu, cha mtu asiye na haraka.

Mackrine akapiga ukelele kule juu. "Mama! Ni nani huyo anayeshuka?"

"Moja," alisema Ma Kokwijuka.

Nyayo zikashuka kwenye matandazo. Jovin alizisikia kwa masikio yote mawili, si bombani, ni nje ya ukuta. Majani makavu yakivunjika, moja, jingine, jingine. Zikapita chini ya dirisha lililozibwa. Zikakata kona. Zikasimama.

Kikohozi. Mlangoni. Pale nyuma ya mbao.

"Mbili," alisema mama, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Jovin. Nisikilize vizuri. Kama ataingia akakohoa cha tatu, basi karudi nyumbani kukaa, na mimi sina pa kwenda, nitakula na nitalala na nitaamka. Asipoingia, atapanda tena huku, na nitaongozana naye. Umefunga mlango?"

Jovin alitazama mlango. Komeo lilikuwa limeshuka. Alilishusha mwenyewe.

"Umefunga mlango, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Aaah, Jovin. Na yeye hapigi hodi."

Nyuma ya mbao mtu alibadilisha mguu. Jani likavunjika. Alikuwa anageuka.

Jovin hajui alisimama saa ngapi. Anachokumbuka ni povu la rubisi chini ya nyayo zake, damu ya kidole kwenye komeo, na baridi ya kile chuma. Miguu yake yote miwili ilikuwa inamwambia rudi. Akavuta. Komeo likalia. Mlango ukajifungua wenyewe kwa kiasi cha kiganja, na ukungu ukaingia kwanza, wa chini chini, ukiwa na harufu ya kahawa.

Akafumba macho. Akainamisha kichwa, kama alivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, baba," alisema.

Akaitikiwa, kwa kikohozi cha tatu, ndani ya mlango.